Karamu Chini ya Jani

(Pembezoni mwa Kolwezi, kando ya barabara ya malori. Mwezi wa nane, mvua bado. Nyuma ya nyumba umesimama mche wa pamba unaoishi kwa maji ya ndoo.)

GUNIA LA UREA: Mama Pamba, nimefika! Asilimia 46 ya uzito wangu ni nitrojeni. Jiandae kuota majani!

PAMBA: Karibu, Papa Urea. Ila mwenye shamba hauzi majani.

UTITIRI (chini ya jani): Mwache papa aingie! Jani likishiba nitrojeni, mimi nanona, mayai yanaongezeka. Joto likikaza, yai la leo ni mama mzima baada ya wiki hivi.

UREA: Nani huyo? Simwoni.

UTITIRI: Hata wakulima hawanioni. Wanaona majani ya manjano, wanasema pamba ina njaa, wanakumwaga tena. Tumekula vizuri sana, mimi na wewe.

UREA: Lakini bila mimi mavuno yanashuka!

PAMBA: Si uongo, udongo wa huku umechoka. Ukija kwa kiasi, vitumba vinajaa. Ukizidi, naota majani, nachelewa kukomaa, na vitumba vichanga vinaanguka. Bibi zangu walilimwa kwa amri ya Wabelgiji tangu 1917, mkulima akalipwa kidogo. Mimi nalimwa kwa hiari, na anayeshiba ni utitiri.

(Lori linapita. Vumbi jekundu linafunika kila kitu, na nguo zilizoanikwa pia.)

UTITIRI: Aksanti, mukubwa! Vumbi likijaa, wadudu wanaotuwinda wanashindwa kazi.

SALFA (juu ya lori): Huyo namjua! Wakulima wamemuua kwa unga wangu tangu zamani.

PAMBA: Basi shuka, ndugu yangu!

SALFA: Haiwezekani, yaya. Nimevuka mpaka wa Kasumbalesa kwa karatasi za kiwanda. Nitageuzwa asidi ya kuyeyushia shaba na kobalti. Kwa pamba sina karatasi.

UTITIRI: Safari njema, papa! Usirudi!

UREA: Sasa mimi nifanye nini?

PAMBA: Wewe kaa umefungwa kwanza. Mwenye shamba, kama unasikia: geuza jani kabla ya kukata uzi wa gunia. Ukikuta utando na vidoa vinavyotembea, shida yangu si njaa. Ukikuta safi, nipe kidogo leo, kingine nikianza kutoa maua.