Sifa za Kishikio cha Mchoro

Miraa ya Igembe ina waimbaji wake, na ndizi za Imenti Kusini hazikosi wa kuzitaja. Kishikio cha mchoro cha MATLAB, kile ambacho programu humpa mtu ili aweze kuuamuru mstari au dirisha la grafu, bado hakijapata wa kukitolea neno jema, hasa kinapoamriwa kutoka lugha ya programu iitwayo Python. Dhuluma hiyo na ikome.

Kwanza, nasaba. Mzee wa Kimeru humuuliza kijana ni wa kwa nani kabla ya kumkaribisha. Kishikio hutembea na jibu mfukoni. Kila mstari una sifa iitwayo Parent inayotaja mihimili uliomo, mihimili ina dirisha lake, na dirisha lina mzizi, ambao tangu zamani namba yake ni sifuri. Futa mzazi, na wana wote wanafutika papo hapo. Ni ukoo gani wenye nidhamu hiyo?

Pili, majivuno yake yana historia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Cleve Moler, wa Chuo Kikuu cha New Mexico, aliiandika MATLAB ili wanafunzi wake wapumzike na Fortran. Baadaye, michoro ilipopata vishikio, kila kimoja kilikuwa namba tupu, tuseme 173.0012, na lugha yoyote ingeweza kuibeba. Toleo la R2014b likaigeuza namba hiyo kuwa kitu kamili chenye hadhi. Toleo hilohilo ndilo lililoleta daraja rasmi la kuiamuru MATLAB kutoka Python! Hongera kwa aliyepanga ratiba.

Sasa tuseme mwanafunzi yuko likizoni Kanyakine, hukohuko Imenti Kusini, ana vipimo vya mvua za Machi hadi Mei, na anataka grafu. Akiituma orodha yake ya Python jinsi ilivyo, MATLAB huipokea kama seli, na amri ya kuchora huikataa mpaka aifunge upya kwa matlab.double. Ni malezi mema hayo. Amri ya hold hairudishi chochote, kwa hiyo humgomea mpaka aongeze nargout=0, yaani aape mapema kwamba hatarajii kitu. Unene wa mstari nao haubadilishwi kwa kuandika nukta na jina la sifa, kwa sababu Python imepewa kitu isichoweza kukisoma ndani. Sharti akirudishe MATLAB kupitia set. Kisha, baada ya adabu zote hizo, grafu inatokea, programu ya Python inafika mstari wake wa mwisho, injini ya MATLAB inazimika nayo, na dirisha linatoweka kabla hajajua Aprili ilinyesha kiasi gani. Wapo wanaokiita hicho kisirani. Hawaoni kwamba wameokolewa na tabia mbaya ya kukodolea skrini.

Asiye na pesa za leseni hajanyimwa raha hizi. Kuna GNU Octave, ambayo John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992 na ambayo ni ya bure. Huko vishikio vingali namba: dirisha huwa 1 au 2, ilhali mihimili na mistari hupewa namba hasi zenye desimali za kubahatisha, kwa hiyo hakuna atakayepoteza jioni yake akizikariri.