Karama Bado Yuko Kizimbani

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenye vitabu walikosea: matanga hayapo, kwa sababu maiti haonekani.

Nilikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert, nakala iliyotoka nami Tanga, gundi imekauka, karatasi rangi ya chai ya maziwa. Bi Mkubwa wa ghorofa ya tano, hapa hapa Regent Park, Toronto, akaniomba. "Nipe cha kunipitishia baridi, mwanangu." Nikampa. Baridi ikapita. Ikaja ya pili, ikapita nayo. Ya tatu ilipoanza, kitabu kikarudi.

Nikakipima kiganjani kama mnunuzi wa dagaa. Chepesi. Nikafunua mwisho: hakuna mwisho. Mshtakiwa Karama amesimama mbele ya mfalme, waziri Majivuno amemkodolea macho, kisha jalada.

"Bi Mkubwa, kurasa za mwisho?"

"Zilichomoka zenyewe. Nikaziweka kwenye mkebe wa biskuti zisipotee."

"Na mkebe?"

"Upo."

Ogopa sana mtu akikwambia kitu "kipo".

Mkebe upo kwenye masanduku. Masanduku nayo yana kisa. Regent Park ilianza kujengwa mwaka 1948, baada ya kuamuliwa kwamba nyumba za maskini zilizokuwapo hazifai. Mwaka 2005 ikaamuliwa kwamba hata hizo zilizojengwa hazifai, zikaanza kubomolewa awamu kwa awamu. Bi Mkubwa akahamishwa, akangoja, akarudishwa kwenye jengo jipya la vioo. Masanduku yamepangwa mpaka karibu na dari, hayajakatwa hata utepe, na juu ya mawili ya chini ameweka televisheni. Kumwambia afungue ni kumkatia tamthilia.

Nikaenda maktaba ya Parliament Street kupoza hasira. Huko nikaazima riwaya ya Hugh Garner iitwayo Cabbagetown. Kwetu ungesema Mji wa Kabichi; ndio mtaa uliokuwa hapa kabla ya Regent Park. Inasimuliwa kwamba maskini wa Kiayalandi walipanda kabichi mbele ya nyumba zao, jina likaganda. Garner aliletwa kutoka Uingereza akiwa mtoto, mwaka 1919, akakulia kwenye mitaa hii. Mhusika wake, kijana Ken Tilling, anaacha shule mwaka 1929, ajira zikikaribia kuyeyuka dunia nzima. Nasoma huku nikichungulia dirishani: mahali Tilling alipohangaika na njaa, leo kuna bwawa la kuogelea la ndani na vijana wanaokimbia bila kukimbizwa na mtu.

Kilichonikaba ni kisa cha kitabu chenyewe. Kilipotoka mwaka 1950, mchapishaji alikuwa amekikata, kikatoka kimepungua. Yaani mtaa unavunjwa huku, riwaya ya mtaa inapunguzwa kule. Kitabu kamili kilikuja mwaka 1968. Kurasa zilirudi, nyumba hazikurudi. Hata jina lilihama! Siku hizi Cabbagetown ni kule kaskazini ya barabara ya Gerrard, kwenye nyumba za matofali mekundu zinazouzwa kwa bei ambayo Tilling angeona heri arudi vitani Hispania, anakoelekea mwishoni mwa riwaya.

Nikampelekea Bi Mkubwa habari hizo, nikidhani ataona aibu kidogo. Akasikiliza mpaka nilipofika kwenye kabichi.

"Ngoja. Hao walipanda mboga mbele ya nyumba?"

"Ndiyo."

"Wakapewa mtaa?"

"Jina la mtaa, ndiyo."

Akanyanyuka, akafungua droo, akanitupia barua. Wenye jengo wanamkumbusha mpangaji kuondoa ndoo za mchicha kwenye roshani.

"Soma na hicho," akasema. "Kifupi. Na hakijachomoka ukurasa."

Nikakosa la kusema. Nikanywa chai yangu, nikala na visheti vyake viwili, kwa sababu hasira haijazi tumbo. Kutoka 1950 mpaka 1968 ni miaka 18. Mimi niko wa tatu tu, nikawa najituliza hivyo huku nikivaa viatu. Halafu lifti ikawa imekufa, nikapanda kwa miguu mpaka ghorofa ya 12. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika ikielea angani. Bila shaka ilikuwa na lifti kama yetu.

Kabla sijafika ya saba nikasikia ananiita kwenye ngazi.

"Mwanangu! Hivi yule Karama, mwishowe walimfanyaje? Mie zile kurasa zilichomoka kabla sijazifikia."

Najua walimfanyaje. Nimekisoma nikiwa na kaptura ya shule, nikakisoma tena na ndevu. Nikashika chuma cha ngazi, nikavuta pumzi.

"Jibu lipo, Bi Mkubwa."

"Liko wapi?"

"Kwenye mkebe."