Namna ya Kumleta Bibi Nakivale Bila Hati ya Kusafiria

Mteja anaingia studio yako ya Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na picha mbili. Moja ni ya wanawe, imepigwa jana kando ya Ziwa Nakivale. Ya pili ni ya mama yake, bibi wa watoto hao, aliyebaki Masisi, Kongo. Ina mikunjo minne, maana imesafiri ndani ya pindo la kitenge. "Fundi, uniwekee wote pamoja," anasema. Usimwambie haiwezekani. Njia ipo, na haina kizuizi hata kimoja.

1. Skani picha ya bibi, kisha umrudishie mwenyewe palepale. Imevuka mpaka salama. Isije kufia chini ya kikombe chako cha chai.

2. Fungua GIMP. Programu hii ya kuhariri picha ni ya bure tangu wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walipoitoa mwaka 1996. Usimtoze mama wa watu pesa ya leseni. Weka watoto chini, bibi tabaka la juu. Atawafunika wajukuu wote. Tulia, ndiyo kazi ya bibi.

3. Lipe tabaka lake barakoa. Paka nyeusi pa kuficha, nyeupe pa kuonyesha, na kijivu kwenye ukingo wa kilemba, asionekane kama amekatwa kwa wembe. Mandhari usibadili: maghorofa ya Dubai yaache hukohuko, ziwa linatosha.

4. Sasa kitelezi cha uzito wa tabaka lake (Opacity). Kwenye 100 bibi ni mzito kama ukuta. Kwenye 0 hayupo. Ukiweka 60, kila nukta inachukua sehemu 60 za bibi na 40 za maji yaliyo nyuma yake. Kabla hujakigusa, uliza kwa adabu: "Mama, bibi yupo?" Kama yupo, mpe 100, akae wazi. Kama ametangulia, mpe 60, maji yaonekane nyuma yake. Kama mama hana habari zake, usimchagulie. Mwachie kipanya asogeze mwenyewe, nawe toka nje ukanunue maji.

5. Toa nakala ya kwenda kuchapishwa Mbarara. Lakini faili lenyewe lihifadhi kama XCF, matabaka yakae mbalimbali. Siku simu ikilia kutoka Masisi, mama atarudi mbio studio, na kazi yako itakuwa kusogeza kitelezi tu, hadi 100.