Baluku, Bwambale na Muhindo: Barua ya Wazi kwa Wagawa Nyota

Kwa Waheshimiwa Wakaguzi wa Hoteli na Mikahawa,
Bodi ya Utalii ya Uganda,
Kampala.

YAH: MZIGO ULIOTAMKWA NGEGE, UKAFUNGULIWA, UKAKUTWA KUKU

Waheshimiwa,

Mimi ni wakala wa forodha hapa Mpondwe, hatua chache kutoka Bwera mjini. Kazi yangu ni karatasi. Lori likitaka kuvuka mto Lhubiriha kwenda Kasindi, upande wa Kongo, mimi ndiye ninayejaza kilichomo: mifuko mingapi ya saruji, katoni ngapi za sabuni, kilo ngapi. Nikiandika sabuni, kisha afisa akafunua turubali akakuta sukari, lori linalazwa, dereva analala chini yake, na mimi naitwa ofisini kueleza siku hiyo nilikunywa nini. Nimeifanya kazi hii hadi imenizoea. Siku hizi hata menyu naisoma kama fomu ya forodha, na hicho ndicho kilichoniponza.

Nafahamu kwamba Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 iliwakabidhi kazi ya kukagua na kupanga madaraja, na kwamba nyota zenu hufuata vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili nyota ya Kasese isionekane kibatari mbele ya nyota ya Arusha. Vizuri kabisa. Nyota nayo ni mzigo, inahitaji karatasi. Sasa, Kasese mjini upo mkahawa mmoja, jina lake nalifunika, wenye nyota tano kwenye bango. Zimepakwa rangi ya dhahabu. Fundi aliyezipaka namfahamu, ndiye huyohuyo anayeandika namba kwenye milango ya malori yetu. Aliniambia aliagizwa nne. Ya tano aliiongeza mwenyewe kwa sababu rangi ilibaki.

Mkahawa wenyewe unapendeza, sitaki kuutia doa usilostahili. Taa zinaning'inia ndani ya vikapu. Viti ni vya mahameli, na kwa joto la Kasese mnalolijua, ukiinuka kiti kinainuka nawe kidogo kabla hakijakuachia. Ukuta mmoja umefunikwa majani ya plastiki kuanzia sakafuni hadi darini, na katikati yake kuna maandishi ya taa ya waridi, Kiingereza kitupu, yanayosema kwamba kumbukumbu huzaliwa hapo. Watu hupiga picha hapo. Nyuma ya majani hayo kuna dirisha, na nje ya dirisha imesimama Rwenzori yenyewe, yenye majani yasiyohitaji kupanguswa vumbi. Dirisha lilizibwa ili plastiki ipate pa kuota.

Nawapeleka huko wateja wangu kutoka Beni na Butembo. Wakishamaliza ushuru wanasema, "Chef, utupeleke fasi ya muzuri." Nami nawapeleka.

Kwetu Bakonzo, kama mjuavyo, mtoto wa kiume haumizi mtu kichwa kutafutiwa jina. Wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, na kuendelea. Kwa kuwa kila nilipokwenda pale niliagiza kitu kilekile, ngege mzima wa kukaanga, shilingi 38,000, niliamua kuwapa samaki wangu majina kwa zamu ya kuzaliwa.

Baluku alikuwa mtoto wa baraka. Alikuja amelala juu ya sahani ndefu, ngozi imepasuka kwa kukaangwa sawasawa, mkia unavunjika kama mkate mkavu. Ukibonyeza ubavu kwa kidole nyama ilifunguka yenyewe, nyeupe, ikitoa mvuke. Juu yake kulikuwa na nyanya na vitunguu vilivyopikwa polepole hadi vikashikana. Mgeni wangu aliacha kuzungumza habari za dola. Tulikula hadi macho. Siku ile, waheshimiwa, mngenikuta na brashi ningeongeza nyota ya sita mwenyewe.

Bwambale alizaliwa wiki mbili baadaye, meza ileile, bei ileile. Nje alikuwa mweusi kama sufuria ya msibani, na kwenye mfupa bado alikuwa wa waridi, rangi moja na yale maandishi ya ukutani. Nilimwita kijana wa kuhudumia. Akamtazama samaki, akanitazama mimi, akasema, "Sebo, mpishi amekwenda kuzika." Nikampa pole. Nikauliza nani basi amepika. Akasema wamesaidiana.

Masereka niliagiza saa moja na dakika kumi usiku. Alifika saa tatu kasorobo, na hakufika mzima. Vilikuja vipande vinne vya pembe nne, vimevikwa unga wa mkate, vimelingana kama matofali ya tanuru moja. Mimi katoni nazijua, kwa hiyo niliomba kuonyeshwa katoni. Ililetwa, kwa heshima kubwa. Mahali palipoandikwa nchi ya asili hapakuandikwa Uganda. Kutoka kwenye meza ile hadi Hamukungu au Kahendero, ambako wavuvi wa Ziwa George hushusha ngege wakiwa bado wanarusha mikia, boda boda angekwenda na kurudi kabla sijaletewa uma.

Aliyefuata alikuja haraka sana, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Kijana akaweka sahani, akageuka, akatoweka. Alikuwa kuku. Kwetu mtoto anayekuja akavunja mfululizo, msichana baada ya wavulana au mvulana baada ya wasichana, tunamwita Muhindo, yaani aliyegeuza. Kwa hiyo huyo niliyeletewa ni Muhindo, na kwenye zamu ya samaki simhesabu. Lakini bili ilimhesabu. Iliandika: "Ngege mzima, 1." Chini yake asilimia 18 ya VAT. Serikali yetu ikapokea kodi ya samaki kutoka kwa kuku. Mpakani kosa hilo lina jina, lina faini, na lina chumba maalumu cha kuulizwa maswali.

Mengine nayapitia mbiombio, nisiwachoshe. Bomba la kunawia ni la kisasa, halina koki, linatakiwa likuone ndipo litoe maji. Halijawahi kuniona. Mara ya mwisho nilisimama nikilipungia mikono hadi mgeni wa meza ya pili akadhani namuaga, naye akanipungia. Kahawa nayo ni maji ya moto ndani ya chupa na kipakiti cha unga kutoka ng'ambo, katika mji ambao kule juu yake, Kyarumba, wakulima wa ushirika wa Bukonzo Joint wanauza arabika inayonywewa Ulaya. Nilipouliza kama wanayo ya milimani, niliambiwa ile ni ya kuuza nje. Nikatazama nje. Niliona majani ya plastiki.

Na chumvi! Baluku alikuwa nayo, wenzake hawakuonja. Tuko jirani na Katwe, ambako watu wamechimba chumvi ziwani vizazi kwa vizazi. Kando ya ziwa hilo bado kimesimama kile kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Wajerumani, kikubwa, kizuri, mabomba kila upande. Maji yenyewe ya chumvi yaliyatafuna mabomba, kazi ikasimama mapema, na kutu ikaendelea na zamu. Kila nikipita huko namkumbuka mwenye mkahawa wangu. Naye amejenga vizuri, ila hakuuliza kwanza kilichomo ziwani.

Vijana wanaohudumia msiwaguse. Kila mwezi nakuta sura mpya. Waliokuwepo wamepata kazi kwenye loji za hifadhi ya Queen Elizabeth, na nasikia aliyempika Baluku naye yuko huko, anakaangia watalii waliotoka kutazama viboko wa mfereji wa Kazinga. Waliobaki wamefundishwa sentensi tatu za Kiingereza za kukaribisha mgeni. Ya kumwambia kwamba jiko limeshindwa hawakufundishwa, ndiyo maana mtu anaweka kuku na kukimbia.

Sasa mkitoka Kasese njooni Bwera, kiasi cha saa moja kwa taksi, kama kondakta hatasimama Kinyamaseke kununua maembe. Njooni Ijumaa, siku ya soko, mpaka ukiwa umefurika. Nyuma ya foleni ya malori yupo mama mmoja mwenye kibanda cha mbao. Tunamwita Mama, basi. Kabla hujainama kuingia anakutamkia mzigo wake wote: "Bundu iko, sombe iko, makayabu iko, ngege zimebaki mbili. Kuku hakuna, usiulize." Anayesimama mlangoni akiwaza anaambiwa aamue au apishe. Wanande kutoka ng'ambo na Bakonzo wa huku wanakaa benchi moja, na bundu, ugali wa muhogo, inamegwa kwa mkono uleule. Mlangoni pana jerikeni ya kunawia, yenye koki na sabuni iliyofungwa kwa kamba. Jerikeni hiyo naikumbuka tangu Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo ikatufikia hapa Bwera. Ugonjwa uliondoka, jerikeni ikabaki. Inatoa maji bila kukutazama usoni.

Si malaika, mama yule. Moshi wake unaliza, pilipili yake haina huruma, na nilipolalamika siku moja aliniuliza kama mke wangu amenifukuza. Lakini ngege wa Ijumaa hii ni pacha wa ngege wa Ijumaa iliyopita, na saa nane mchana sufuria ikiisha anaifudikiza juu ya jiwe. Ukiiona imelala kifudifudi toka barabarani, unapita zako. Hukai dakika hamsini juu ya mahameli ndipo uambiwe.

Nawaomba, tena kwa magoti, msimpe nyota. Ataanza kutafuta bei ya majani ya plastiki.

Ombi langu ni dogo. Sisi mpakani mizigo hupangwa kwa rangi: ya kijani inapita, ya manjano inakaguliwa karatasi, nyekundu inafunguliwa kitu kwa kitu. Azimeni kwetu rangi hizo muwapangie wenye menyu. Menyu yenye vyakula vinne, kijani. Menyu yenye kurasa kumi na moja, pasta na vyakula vya Kichina katika mji ambao mpishi wake amekwenda kuzika, nyekundu moja kwa moja: mkaguzi aingie jikoni na orodha, aulize kimoja kimoja, aonyeshwe. Kisichokuwepo kifutwe siku hiyohiyo kwa kalamu, mbele ya wageni. Nipo tayari kufundisha bila malipo. Chai nitajinunulia.

Mkiweza, fanyeni hima. Alhamisi ijayo nina mgeni kutoka Butembo, naye amekwisha kuziona nyota tano kwenye simu ya mwenzake. Meza nimeshaiweka. Nitaagiza ngege mzima, kama kawaida, na jina lake liko tayari kwa zamu: Kule. Nina hofu ndiko atakakokuwa.

Wenu mtiifu,

Wakala wa Forodha,
Mpondwe.