Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kiwanda chetu cha chai: hongera kwa paa

Waheshimiwa wakurugenzi,

Salamu kutoka kituo cha kupimia majani, ambako tunasubiri lori tangu saa nane.

Kalenda yenu tumeipata. Paneli za sola zimependeza kweli, zimepangwa juu ya ofisi zinang'aa, na mwenyekiti kasimama chini yake na koti la kijani. Wenzetu wa shamba la chai la Changoi waliweka mtambo wa sola wa karibu megawati 1 mwaka 2014. Sisi tumeanza na birika la chumba cha mikutano. Haraka haraka haina baraka.

Juzi nilifuata stakabadhi yangu kiwandani, nikapitia nyuma, upande ambao mpiga picha hakufika. Kuni zimerundikwa nje, na mvua yetu ya alasiri haingoji mwaliko. Kijana wa boila akasukuma gogo la mkaratusi tanuruni. Likalia, likatoa povu kwenye ncha, likakaa. Lilikuwa linachemsha maji yake kwanza, ndipo likumbuke yetu.

Mnajua kuliko mimi kwamba umeme huzungusha mashine tu. Kunyausha na kukausha majani kunataka mvuke, na mvuke unatoka kwenye kuni. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Karibu yote yanayopotea hapo ni maji, na anayeyafukuza ni moto. Jua la kwenye kalenda halijakausha hata jani moja. Kuni nazo hulipiwa kabla bonasi haijahesabiwa, kwa hiyo ule mvuke wa gogo bichi unaopaa kwenye bomba la moshi ni pesa zangu zimetangulia mbinguni.

Kuna teknolojia ya kisasa inaitwa bati. Unalisimamisha juu ya nguzo, pande unaziacha wazi, unapasua kuni, unaziweka chini yake miezi kadhaa. Shida yake naijua: hakuna mgeni wa cheti atakayepanda ndege kutoka Ulaya aje kukata utepe wa banda la kuni.

Basi kama bajeti imekwisha, ombi langu ni dogo. Zile paneli ni pana na hazivuji. Zishusheni, mzitandaze juu ya rundo la kuni.

Wenu mtiifu,
Mwenye hisa, mashina 1,800
(namba yangu ya mkulima imefutika kwenye risiti, ilinyeshewa pamoja na kuni)