Sifa za Kioo Cheusi

Arusha hii hakuna kitu kilichokosa msifiaji. Mlima Meru umesifiwa, tanzanaiti imesifiwa, hata Land Cruiser iliyokatwa katikati na kurefushwa ili ibebe watalii ina watu wanaoizungumzia kwa sauti ya ibada. Kinachodhulumiwa ni kioo cheusi: ile skrini isiyo na picha wala kitufe, yenye kistari kimoja kinachopepesa, ambayo fundi aliyepanga chumba Lemara huitumia kuendesha seva iliyoko Frankfurt. Wenye tovuti wanakiogopa, vijana wa chuo wanakikwepa, wachumba wa mafundi wamekichoka. Basi nakisifia mimi. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa hofu hiyo haipo. Kioo cheusi hakiingiwi na sifa wala na matusi, na matusi kimeshakula mengi.

Kwanza kinajua kunyamaza. Programu nyingine ukizigusa tu zinakurushia rangi, zinakupongeza, kisha zinakuomba nyota tano. Kiandikie kioo cheusi nginx -s reload, bonyeza Enter: kinashuka mstari mmoja, basi, kazi imekwisha. Mila hiyo imetoka kwa watu wa Unix, walioanza kazi yao Bell Labs huko Marekani mwaka 1969, na masharti yake ni mafupi: mambo yakienda sawa usiseme, yakiharibika sema. Ingekuwa heri mila hiyo ingefika kwenye vikao vyetu vya harusi, ambako mjumbe huomba dakika mbili na kuchukua ishirini ili aunge mkono aliyosema mwenzake.

Pili ni kitiifu. Kiambie kwa rm -rf kifute folda nzima ya tovuti, kitafuta. Hakikuulizi kama una hakika, hakikupi fomu, hakikuambii urudi Jumatatu. Kwa mwananchi aliyezoea kudaiwa nakala tatu na picha mbili za pasipoti, huku ni kuheshimiwa kupita kiasi. Wapo mafundi walioheshimiwa hivyo saa nane usiku na hawajasahau mpaka leo.

Halafu kuna nukta-mkato. Nginx, programu ya kuhudumia tovuti aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, hutaka kila agizo la kawaida katika faili lake la mipangilio liishie kwa nukta-mkato. Isahau moja mwishoni mwa mstari wa 14, nayo italalamikia mstari wa 15, ambao haujamkosea mtu. Shule gani nyingine inafundisha subira kwa bei hiyo? Apache, mwenzake wa mwaka 1995, ni ya kizamani kidogo na ina adabu zaidi: ukiipima kwa apachectl configtest hujibu maneno mawili, Syntax OK, na fundi akiyaona hushusha pumzi, huenda kuchemsha chai.

Lakini utukufu wote wa kioo cheusi huonekana usiku. Chukua usiku wowote wa Julai, msimu wa watalii umepamba moto, umeme Lemara umekatika, laptop ina chaji ya saa moja na bando la simu limebaki megabaiti 40. Saa tatu simu inaita: ni mteja, mwenye kampuni ya utalii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tovuti haifunguki, na kuna Wajerumani watano wanataka kulipa Serengeti."

Ile paneli ya kisasa yenye vitufe na grafu ingemaliza bando kabla haijamaliza kujichora. Kioo cheusi hakina makuu. Kwa kipimo chake cha tangu zamani kina herufi 80 kwa mistari 24, yaani herufi 1,920 kioo kizima, pungufu ya ujumbe mmoja wa shangazi kwenye kundi la ukoo. Fundi anaingia kwa SSH, njia iliyofungwa kwa siri ambayo Tatu Ylönen aliitengeneza Finland mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na wadukizi wa nywila. Anaandika df -h. Jibu linakuja: diski imejaa, asilimia 100. Hifadhidata haina pa kuandika hata jina la mgeni.

"Imejaa nini, baba?"

"Malalamiko, mama."

"Malalamiko ya nani?"

"Ya seva yenyewe."

Na ni kweli. Seva huandika kila kosa kwenye faili la kumbukumbu, na isipopangiwa utaratibu wa kulipunguza itaandika mpaka ikose nafasi ya kufanya kazi iliyokuwa inailalamikia. Lisome faili hilo uone dunia ilivyo: wageni wasio na majina, kutoka kila bara, wanagonga usiku kucha wakitafuta wp-login.php kwenye tovuti ambayo haijawahi kutumia WordPress. Fundi mchanga angelifuta faili na kushangaa nafasi hairudi, maana seva bado imelishika. Mzoefu analifuta, kisha anaamuru nginx -s reopen, nafasi inarudi, Wajerumani wanalipa. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, tmux huko Frankfurt inaendelea kushikilia kila kitu kilivyoachwa, bila habari kwamba Lemara kuna giza.

Wazee wa kazi hii waliona makubwa zaidi. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, Arusha ilitegemea sana setilaiti, ile inayoelea kilomita karibu 36,000 juu. Ulibonyeza herufi, ikapanda, ikashuka, ikajibiwa kwa safari hiyohiyo, na ukaiona kwenye kioo baada ya nusu sekunde au zaidi. Waliandika kwa imani.

Siwezi kuacha lugha ya kioo cheusi. Mchakato mzazi wa seva ya wavuti huanza kwa mamlaka ya root, kwa kuwa Unix kwa desturi haiachii milango iliyo chini ya namba 1024 kwa mtumiaji wa kawaida, na wavuti inataka 80 na 443. Mzazi akishafungua milango huzaa watoto wasio na mamlaka, ndio wanaohudumia wageni. Kwa hiyo fundi mpole kabisa, ndani ya kifodi cha Njiro, atasikika akisema kwenye simu: "Ua watoto, mzazi atazaa wengine." Abiria wa pembeni hushuka kituo ambacho si chake. Ajue tu kwamba ipo njia ya huruma, apachectl graceful, inayofanya kama konda mwenye utu: waliomo wanafikishwa waendako, ndipo gari linapelekwa gereji.

Wenye makampuni ya utalii, neno langu kwenu ni hili. Fundi akiwaletea bili ya saa nzima kwa mistari mitatu aliyoandika gizani, ilipeni bila kumwomba awaonyeshe picha ya kazi. Na mrudishieni bando lake.