Ukinunua Nyundo Majengo, Umeajiriwa

Majengo hakuna mtu mwenye nyundo yake. Ukinunua nyundo, umepewa dhamana ya kuitunza kwa niaba ya mtaa. Siku ya kwanza itapita salama kwa sababu majirani hawajasikia mlio. Gonga msumari mmoja tu, utasikia hodi: mama wa chumba cha pili stuli yake imelegea, kijana wa bodaboda ana mlango unaoburuza chini, na mzee wa nyumba ya nyuma anataka kuishika tu, "nione uzito wake". Mzee huyo ndiye wa kuogopwa.

Nasema haya kwa faida ya wageni. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, wamekuja wengi, na mgeni akishapata chumba karibu na Soko la Majengo hununua godoro, ndoo, halafu lile boksi la vifaa la wamachinga. Ukilifungua, kila kifaa kimelazwa kwenye kishimo chake kama mgonjwa wa wodi ya kulipia. Nusu ni vichwa vya bisibisi vya kufungulia simu. Na bisibisi kubwa yenyewe, ukiikaza kwenye skrubu yenye kutu, skrubu inatulia. Kinachozunguka ni chuma ndani ya mpini wake.

Achana na boksi. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue kimoja kimoja: nyundo ya kucha, bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi, spana, futi ya kupimia, tesita ya umeme. Vinatosha. Msumeno utauhitaji siku ukiota kuwa wewe ni seremala.

Nyundo ikague pale mpini unapoingia kichwani. Hewa ya huku ni kavu. Mvua ikikatika mwezi wa tano, mti unasinyaa mpaka Novemba huko, na kichwa kinaanza kucheza. Wapo wanaoiloweka kwenye ndoo usiku kucha. Kesho yake imekaza kweli, wiki inayofuata imelegea kuliko mwanzo. Kijana wa bodaboda aliazima yangu ikiwa katika wiki hiyo ya pili. Alipoinyanyua kichwa kiliaga, kikapita juu ya kamba ya nguo, kikatua kwenye sufuria ya makande ya mama wa chumba cha pili. Hakuna aliyeumia. Makande yaliliwa, ila baada ya mjadala.

Misumari nitaipitia haraka. Kwenye ukuta wa zege msumari wa kawaida unapinda, kwa hiyo tafuta misumari ya zege. Kwenye nyumba zetu kuukuu unazama bila ubishi, kisha unatoka na plasta ya ukubwa wa sahani. Tundika kalenda hapo, endelea na maisha.

Kazi yenyewe iko kwenye bomba. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametoka visima vya Mzakwe, na yana chumvi. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukoko huohuo unaingia kwenye koki, na koki ikishika, mkono mtupu hauiwezi. Hapo ndipo inapohitajika ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wote wanaiita spana malaya kwa kuwa haichagui nati. Dukani jina hilo halina tatizo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Kondoa. Ameketi uani kwenye mkeka, anachambua mchicha. Mimi niko bafuni, koki imeachia ghafla, maji yananipiga usoni, nikampigia kelele mwanangu: "Niletee malaya, haraka!"

Mchicha ukasimama hewani.

"Mkubwa au mdogo?" mtoto akauliza.

"Mkubwa! Mdogo hana nguvu!"

"Baba, mkubwa hayupo. Mzee wa nyuma alimchukua tangu juzi."

Mke wangu alieleza, tena vizuri, mpaka akaichora ile spana mchangani. Mama mkwe aliitikia "haya mwanangu", akarudi Kondoa siku mbili kabla ya ratiba. Kwa hiyo anza kwa kufunga koki ya kwenye mita, ndipo uguse nyingine yoyote. Ukiwa mkavu utachagua maneno. Na ile tepu nyeupe ya kuzuia maji kuvuja izungushe kufuata mkono wa saa, ukielekezewa ncha ya uzi. Ukiizungusha kinyume inajikunja yote wakati wa kukaza.

Vifaa vyote hivyo utaazimisha, hutaki unataka. Tesita usimpe mtu. Kwa kuwa ina umbo la bisibisi nyembamba, watu huitumia kubandulia vifuniko, kitaa cha ndani kinakufa, na siku ukiigusisha waya wenye volti 230 yenyewe inakuambia hakuna kitu. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina moto.

Mzee wa nyuma alifungulia yangu kopo la rangi, akaja kupima soketi ya ukumbini, akatangaza nyumba nzima haina umeme na kila chumba kichange pesa ya Luku. Nikamwonyesha redio ya chumba cha tatu, inaimba taarabu.

"Hiyo ni ya betri," akasema, akinyoosha mkono apokee mchango wangu, huku amesimama juu ya waya wa redio.